Mapenzi Hayawi Dawa



Vijana wengi siku hizi wanautaja mchezo wa televisheni wa Uingereza uitwao Heartstopper. Mmoja ameuona katika simu ya rafiki, mwingine amesikia habari zake tu. Wazazi nao wanauliza: Ni mchezo wa namna gani huo? Basi tumeutazama, vipande vyote 24, na leo twataka kusema yaliyo mema ndani yake na yaliyopungua.

Mtungaji ni Alice Oseman, aliyezaliwa mwaka 1994. Mwaka 2014 alitoa kitabu chake Solitaire, na humo vijana wawili, Charlie Spring na Nick Nelson, walionekana pembeni tu. Kisha, tangu mwaka 2016, akachora hadithi yao wenyewe na kuitoa katika intaneti. Netflix ilipoifanya mchezo, Oseman mwenyewe akaandika maneno ya wachezaji. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2022, ya pili mwaka 2023, ya tatu mwaka 2024.

Habari yenyewe si ndefu. Charlie na Nick wanasoma katika shule moja ya wavulana. Charlie anapenda kupiga ngoma. Nick amemtangulia mwaka mmoja, anacheza mpira wa rugby, na wenzake wanamheshimu. Wanakalishwa pamoja darasani, wanakuwa marafiki, kisha wanapendana. Tusifiche neno: ni mapenzi ya mvulana na mvulana. Pengine msomaji mmoja amekunja uso na anataka kugeuza ukurasa. Twamwomba angoje kidogo. Hatukukaa kuwakatia vijana hawa hukumu. Twauliza tu kama mchezo unasema kweli juu ya kijana anayependa na anayekua.

Sehemu ya kwanza ni tamu. Majani na mioyo midogo iliyochorwa kwa mkono inapita juu ya picha, kama vile katika kitabu. Lakini uchungu upo pia. Charlie alidhihakiwa sana shuleni watu walipojua habari zake, hata akawa anakula chakula cha mchana katika chumba cha mwalimu wa kuchora. Nick naye anaogopa kusema lililo moyoni. Mwisho anamwambia mama yake, na mama anampokea. Olivia Colman anamcheza mama huyo bila makelele, nasi tukamsadiki.

Kama hadithi ingekoma hapo, ingekuwa nzuri, lakini ingepita upesi. Vijana hawakai vilevile. Katika sehemu ya pili inakuja mitihani ya Nick, kisha safari ya shule kwenda Paris. Huko, ndani ya nyumba ya Louvre, Charlie anazimia, kwa sababu hali chakula sawasawa. Mwishoni anamfunulia Nick kwamba zamani alikuwa akijiumiza mwenyewe.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Nick anatambua kwamba mwenzake ni mgonjwa kweli. Afanye nini? Anataka kumponya kwa kumpenda zaidi. Anamfikiria mchana na usiku, hata akiwa mbali katika likizo. Ndipo Diane, mtu mzima wa jamaa yake, anayechezwa na Hayley Atwell, anampa shauri. Kwa ufupi ni hili: mapenzi hayaponyi ugonjwa huo, na kijana peke yake hawezi kuubeba mzigo kama ule. Basi Charlie anawaambia wazazi wake, na baadaye anakwenda kutunzwa na waganga.

Kipande cha nne cha sehemu hiyo ni bora kupita vyote. Miezi ileile inaonyeshwa mara mbili: kwanza kama Nick alivyoiona, kisha kama Charlie alivyoiishi. Twamwona anayengoja nje, asiyejua afanye nini na mikono yake. Kiisha twamwona aliye ndani, anayepigana na mawazo yake mwenyewe mbele ya sahani. Hakuna anayeambiwa kwamba taabu yake ni ndogo kwa kuwa ya mwingine ni kubwa.

Sasa tuseme yaliyopungua. Vijana hawa wanajua mno kusema. Wakikosana, upesi wanaombana radhi kwa maneno yaliyonyooka, kana kwamba waganga wamewafundisha. Vijana tunaowajua sisi hununa juma zima. Tena mama ya Charlie ni mkali kwa sababu anaogopa, na wazazi wengi ni kama yeye: wanapenda kwa kuamuru. Tungetaka kukaa naye zaidi, lakini mchezo unampatanisha na mwanawe haraka.

La tatu ni kubwa kuliko hayo. Charlie anapata nguvu, na Nick anaanza kutembelea vyuo vikuu. Hapo swali lenyewe linatokea. Nick amezoea kumtunza Charlie, kama kwamba hiyo ndiyo kazi yake duniani. Sasa atakuwa nani, kazi hiyo ikipungua? Na mapenzi yao yatakuwaje, mmoja akienda mbali? Mchezo unafungua mlango, kisha unasimama kizingitini. Tena mtungaji alikuwa amekwisha kuandika juu ya utengano huo mwaka 2015, katika kitabu kidogo Nick and Charlie. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba hadithi itamalizwa kwa filimu moja, na hivyo jibu likaachiwa filimu hiyo.

Pamoja na hayo, twaona mchezo huu umesema neno la kweli. Sisi tunaofundisha watoto twamjua yule anayesukuma sahani na kusema, “Nimekwisha kula.” Twamjua pia rafiki yake, anayejua yote na kunyamaza, kwa sababu ameahidi siri. Anadhani kunyamaza ndiko kupenda. Mtoto kama huyu anahitaji mtu mzima mmoja tu ambaye atathubutu kumwambia.

Nick alimpata. Kama Diane angekunja uso kwanza kwa sababu ya mapenzi yao, Nick angefumba kinywa, na Charlie angebaki na ugonjwa wake. Wazazi na walimu, tulifikiri hilo kabla mtoto hajaja kutuambia neno.