ALE inajua kama kosa na ladha si kitu kimoja. Juu ya nini haituambii?

Leo sikosoi kitabu wala filamu. Nataka kukosoa plagini, ni kusema kile kipande kidogo tunachoongeza ndani ya editeri ili kitusaidie kazi. Inaitwa ALE, inatumika ndani ya Vim, na wengi wenu mliipata kwangu mimi mwenyewe, ndani ya ile fishie ya mipangilio tunayopitishana kwa kle. Kwa hiyo sehemu ya lawama iko yangu, na nitaibeba.

Kilichonisukuma ni hiki. Siku ya posho moja, dada mdogo mmoja anayeandaa TFC alinifuata na mashini yake. Ameandika kwa Python programu ya kuhesabu likelemba ya mama yake na wenzake: nani ameleta, nani bado, zamu ya nani mwezi huu. Pembeni ya kode yake kulikuwa na alama nyekundu 31. Alikuwa amekesha usiku mbili anafuta na kuandika upya. Akaniambia: “Yaya, mashini inakataa kazi yangu.”

Nikaendesha ile programu. Inatembea. Hesabu inatoka sawasawa.

Tukaanza kusoma alama moja moja. Mstari mrefu kupita kiasi. Mistari mitupu haitoshi mbele ya fonksyo. Nafasi haiko nyuma ya koma. Na tena mstari mrefu. Alama 30 zilikuwa za namna hiyo, mambo ya kuvaa shati na kufunga vifungo. Ya 31 ilikuwa chini kabisa, ndani ya sehemu ya mwanachama anayetoka kabla zamu yake haijafika: jina moja limetumiwa bila kuwekwa popote. Hilo ni kosa la kweli. Siku jury ingemwambia “tuonyeshe mtu akitoka kati”, programu ingeanguka mbele ya watu wote. Na yeye alikuwa hajaifikia, juu alianza kurekebisha kutoka juu, na alama zote zilikuwa na rangi moja na uzito mmoja.

Sasa tuongee juu ya ALE yenyewe, na tuwe wa haki. Wenye kutumia Vim zamani wanakumbuka Syntastic. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ilikuwa inakaguza kwa kusimamisha kila kitu: unahifadhi fishie, Vim inaganda mpaka kikaguzi kimalize. Kwenye mashini mpya huoni kitu. Kwenye mashini zetu za okazyo, na pylint ndani yake, unaweza kuinuka ukanywe maji. Mwezi wa 9 mwaka 2016 ikatoka Vim 8, ikaleta njia ya kuendesha kazi zingine nyuma ya pazia bila kumzuia mwandishi. ALE ilizaliwa mwaka uleule juu ya njia hiyo. Unaandika, yenyewe inatuma kode kwa vikaguzi, majibu yakirudi inaweka alama. (Kwa njia, ukifungua Vim bila fishie yoyote, mara nyingine yenyewe inakuomba usaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitengeneza na kuitunza mpaka alipofariki 2023, alikuwa anategemeza shule na watoto kule Kibaale. Sijui editeri nyingine inayotuangalia karibu hivyo.)

Jambo la pili la kusifu: ALE haigusi kode yako bila ruhusa. Ina vitengenezaji, lakini vinalala mpaka wewe uviamshe. Hiyo ni heshima.

Lakini angalia inavyofika mikononi mwa mtu anayeanza. Kwanza, usipoichagulia vikaguzi, inaendesha karibu kila kimoja inachokijua kwa lugha ile na inachokikuta kwenye mashini. Una flake8, pylint na mypy? Utasemeshwa na watatu pamoja, na mara nyingine watakuambia jambo moja mara mbili kwa maneno tofauti. Pili, ujumbe unaoonekana chini ya skrini unakuja na nambari ya kosa na maneno yake, lakini bila jina la aliyesema. Jina hilo unaweza kuliomba kwa mpangilio wa g:ale_echo_msg_format, ukiweka %linter% ndani yake. Usipojua kuliomba, hulipewi. Ndiyo maana yule dada alisema “mashini inakataa”. Hakuna aliyemwambia kama ni nani anayesema.

Ya tatu ndiyo inaniuma zaidi. Ndani yake, ALE inajua tofauti. Fungua kode yake, sehemu inayopokea majibu ya flake8: zile nambari zenye kuanza na F, kama F821 ya jina lisilojulikana, karibu zote inazipokea kama makosa. Zile zenye kuanza na E, kama E501 ya mstari mrefu, karibu zote inazibandika neno “style”, ni kusema mtindo tu. Imefanya kazi ya kutenganisha! Kisha, ikifika kwenye kuonyesha, alama ya kosa la mtindo kwa kawaida inakopa alama ya kosa la kweli. Mpangilio wa kuzitenganisha upo, unaitwa g:ale_sign_style_error, lakini uko ndani ya maelezo marefu ambayo mwanafunzi wa mega 100 kwa siku hatayafikia. Ni sawa na daktari aliyepima wagonjwa vizuri, akajua nani ana malaria na nani ana kucha ndefu, kisha akawavalisha wote kanzu moja na kuwapanga mstari mmoja.

Mtu atasema: mtindo nao ni sheria, kuna PEP 8. Hapo tuongee polepole. PEP 8 ni mwongozo wa mwaka 2001 wa namna ya kuandika Python, na wenyewe unasema wazi kama kuna wakati wa kuuacha. Herufi 79 kwa mstari ni ushauri wake. Timu ikikubaliana inaweza kufika 99. Black, iliyokuja 2018, inachukua 88. Mnaona, hata wakubwa hawapatani. Na kulikuwa na kikaguzi kilichoitwa pep8, jina moja na mwongozo wenyewe. Mwishoni mwa 2015 Guido van Rossum, baba wa Python na mmoja wa walioandika ule mwongozo, akaomba kibadilishwe jina, juu watu walikuwa wanachukua kila neno la kikaguzi kama ni neno la mwongozo. Mwaka 2016 kikaitwa pycodestyle. Jina la anayesema lilikuwa na uzito kiasi hicho. Sasa ALE inakuja na kulificha tena.

Na si mambo ya darasani tu. Kuna kazi fulani hapa mjini ambapo nilipewa jaribio la staji. Aliyesahihisha alihesabu alama za pembeni, hakuendesha programu. Nilikosa nafasi. Sisemi ningestahili kuipata, kode yangu ya wakati ule ilikuwa mbaya kwa sababu zingine kabisa. Lakini hizo sababu zingine hakuziona.

Nilikuwa na hasira ya kumaliza makala hapa. Kisha nikakumbuka kama mimi pia natunza kitu cha namna hii. Ni kikaguzi kidogo cha kundi letu, mistari isiyofika 200, kinachoangalia kama majina ndani ya kode yetu hayachanganyi Kifaransa na Kiswahili kwenye jina moja. Nilifikiri ni kazi ya jioni mbili. Wiki ya kwanza mtu akaniambia alama zinaanguka pembeni ya neno. Nilitafuta muda mrefu. Kumbe Vim inahesabu nafasi kwa baiti, kikaguzi changu kinahesabu kwa herufi, na “é” ni baiti mbili. Kila neno kama “élève” kwenye mstari lilisogeza alama mbali. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kwa Kiingereza tu, mimi Mkongomani.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilibadilisha kidogo namna kikaguzi kinavyoandika majibu, nikasahau kubadilisha upande wa plagini unaoyasoma. Hakuna kilicholalamika. Alama zote zikatoweka, na kundi zima likafurahi siku tisa kama kode yetu imetakata.

Sasa zidisha hiyo. ALE inabeba makumi na makumi ya lugha, na kila kikaguzi kina fishie yake ndogo inayojua namna kile kikaguzi kinavyoongea. Vikaguzi hivyo viko mikononi mwa watu wengine, ambao hawamuulizi mtunzaji wa plagini kabla ya kubadilisha. Mwezi wa 4 mwaka 2024 ESLint ya 9 ilitoka, ikafanya namna mpya ya fishie ya mipangilio kuwa ndiyo ya kawaida, na ikatoa ndani yake namna kadhaa za kuandika majibu, kama ile ya “compact”. Plagini yoyote iliyotegemea hayo ilibidi ifuate. Na anayetukanwa si ESLint, ni yule ambaye alama zake zimepotea. Nikifikiria hivyo, naelewa juu ya nini mtunzaji anaacha mipangilio ya kawaida jinsi ilivyo: ukibadilisha rangi ya alama leo, kesho watu waliozoea wanakuuliza umeharibu nini. Syntastic yenyewe leo haitunzwi tena.

Naelewa, lakini sikubali. Mtunzaji hawezi kuamua flake8 iseme nini. Anaweza kuamua mambo mawili tu, nani aonekane anasema na kwa sauti gani. Hayo ndiyo aliyaacha kwa anayeanza ayatafute mwenyewe.

Yule dada tulimwekea mistari mitatu: jina la kikaguzi mbele ya kila ujumbe, flake8 peke yake kwa Python, na alama ndogo ya nukta kwa mambo ya mtindo. Alama ya kosa la kweli ikabaki moja. Aliirekebisha kwa dakika kumi, na mistari yake mirefu aliiacha mirefu.

Fishie mpya iko kwenye kle ileile. Ile ya zamani niliyowapa, muifute.