Nani Aliua Fumbo? Okestra, Kinanda na Ushairi wa Taarab

Katika mijadala yetu ya ushairi kuna kauli ambayo imekwisha kuwa kama dua: kwamba kinanda cha umeme kimeua fumbo la taarab. Eti zamani, okestra za Unguja zilipokuwa na fidla safu nzima, chelo, kanuni, udi na akodiani, mshairi alisema kwa mafumbo. Kikaja kinanda, yakaja matusi. Kauli hii ni tamu, na ina chembe ya ukweli. Lakini jinsi inavyotolewa haitusaidii sisi tunaojiita wahakiki.

Tuanze na historia, maana hapo ndipo inapoyumba kwanza. Ikhwani Safaa, chama kikongwe cha taarab Zanzibar, kiliundwa mwaka 1905, na miaka yake ya mwanzo kiliimba kwa Kiarabu. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili akiwa na kundi dogo tu la wapigaji. Ile okestra kubwa tunayoiita "ya asili" ilishika nafasi baadaye, kuelekea katikati ya karne ya ishirini, kwa kufuata mtindo wa Misri uliosikika katika redio, santuri na filamu za Cairo. Kumbe okestra nayo ilikuwa usasa wa siku zake! Mtu akitaka asili kwa maana ya uzee, basi aanze kwa kuzitupa zile fidla anazozililia.

Je, kilichobadilika hasa ni nini? Tuangalie umbo. Ubeti uliozoeleka wa taarab una mishororo mitatu, kila mmoja mizani 16, nusu kwa nusu. Ukiuandika ubaoni, kama tunavyofanya darasani, unausoma ukaumaliza mara moja. Ukumbini sivyo. Bashraf hutangulia, vyombo peke yake bila sauti ya mtu. Kisha mwimbaji hutoa mshororo, fidla zikamjibu. Ubeti ukiisha, okestra nzima huchukua uwanja kabla ya ubeti wa pili. Hapo katikati ndipo fumbo linapofanya kazi. Msikilizaji anapata muda wa kujiuliza: huyu njiwa ni nani? Hilo dau limezama kwa nani? Mama mmoja anainuka, anapita taratibu mbele ya watu, noti mkononi, anatunza pale palipomgusa. Jina halikutajwa, lakini mwenye kuambiwa ameambiwa. Hoja yangu ni kwamba fumbo la taarab haliishi ndani ya maneno tu. Linaishi pia katika kimya cha mwimbaji, na kimya hicho hujazwa na wapigaji.

Sasa tuje kwenye miaka ya 1990, wakati TOT na Muungano zilipokuwa zikivutana jijini Dar es Salaam, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule. Katika taarab ya kisasa, ile ya mipasho na rusha roho, wapigaji walipungua, na kinanda kikabeba kazi ya vyombo vingi. Sababu haikuwa uvivu. Kundi dogo ni rahisi kulisafirisha na kulilipa, na watu walitaka kuinuka wacheze. Mapigo yakawa hayakatiki, kiitikio kikavimba, na nafasi kati ya beti ikawa ya kiuno kuliko ya kufikiri. Mshairi asiye na kimya cha kuegemea atafanyaje? Atasema wazi. Siuiti ushairi huo duni. Kujibizana hadharani kwa kejeli iliyonolewa ni ufundi, na una haki ya kuhakikiwa kwa vigezo vyake wenyewe. Ninachokataa ni kuulaumu umeme.

Ushahidi upo. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu ya Siti of Unguja mwaka 2020. Imetengenezwa kwa mitambo ya leo, wapigaji wake si okestra nzima, na bado udi na kanuni vinampisha mwimbaji na kumjibu. Wapigaji wachache wanaosikilizana wanaweza kuilinda ile nafasi. Upande mwingine, kundi la Tausi lililoanzishwa Zanzibar mwaka 2009 limewaweka wanawake kwenye vyombo, siyo kwenye maikrofoni tu. Hili ni jambo kubwa kwetu wa fasihi: mwanamke aliyezoeleka kuimba au kutunza sasa ndiye pia anayeamua ubeti usubiri kiasi gani.

Lakini wapigaji hawaoti kama uyoga. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua milango Mji Mkongwe mwaka 2002, kikafundisha vijana udi, kanuni na fidla. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Kilinusurika. Habari ile wengi waliisoma kama habari ya muziki, nasi wa fasihi hatukusema neno. Jamani, ilituhusu! Diwani tunaweza kuichapa upya wakati wowote. Mkono unaojua kumjibu mwimbaji hauchapwi; hurithishwa kwa kukaa ubavuni mwa fundi.

Basi napendekeza jambo dogo. Atakayeleta darasani uchambuzi wa wimbo wa taarab asituletee maneno matupu. Atuletee na kaseti, au simu yake, atuonyeshe vyombo vinaingia wapi, vinakaa muda gani, na maana inageuka vipi vinaponyamaza. Tukishindwa hilo, tutabaki kuhakiki nusu ya kazi, huku tukimlaumu mpiga kinanda kwa nusu tuliyoiacha nje ya mlango sisi wenyewe. Uwanja nauacha wazi kwa wenzangu.