Mama wa Amani na Binti wa Bunduki: Tafakari juu ya Filamu ya Liberia

Filamu ya Pray the Devil Back to Hell, iliyoongozwa na Gini Reticker mwaka 2008, imesahihisha kosa la siku nyingi la watunza kumbukumbu za vita. Habari za Liberia zimezoea kusimuliwa kwa majina ya Charles Taylor na wakuu wa waasi. Humu twawaona wanawake Wakristo na Waislamu, wakiongozwa na Leymah Gbowee, Mlutheri, wakikaa juani kwa mavazi meupe karibu na soko la samaki la Monrovia mwaka 2003, na baadaye wakiziba mlango wa ukumbi wa mazungumzo mjini Accra ili wajumbe wasitoke. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 18 Agosti mwaka huo.

Sifa hiyo ni haki yao. Hata hivyo, filamu ina upungufu ambao mchungaji hawezi kuupita kimya. Mwanamke humo aonekana hasa kama mama aombaye na kudai amani. Bunduki yabaki hasa mikononi mwa wanaume na wavulana. Lakini wanawake na wasichana walipigana pia, wengine kwa kutekwa, wengine kwa kujilinda au kulipiza kisasi. Kundi la LURD lilikuwa na wapiganaji wa kike chini ya kamanda aliyejulikana kwa jina la Black Diamond.

Maandiko hayakulificha jambo hili. Katika Waamuzi 4 na 5, nabii Debora aliita jeshi vitani, na Yaeli alimwua Sisera kwa kigingi cha hema. Lakini Waraka kwa Waebrania, 11:32, wamtaja Baraka bila Debora, nasi wahubiri tumeifuata orodha hiyo kwa urahisi mno.

Jambo hili si la historia tu. Tukifundisha kwamba mwanamke ni mpatanishi kwa asili, binti aliyerudi kutoka msituni hana mahali pa kuungama. Atanyamaza, maana hakuna aliyedhani kwamba mikono yake ina damu. Fundisho la Luther, kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uo huo, lamhusu yeye pia. Asiyeruhusiwa kuitwa mwenye dhambi atasikiaje neno la msamaha?

Filamu hii na ionyeshwe vyuoni na sharikani. Ikiisha, mwalimu aulize: wale waliobeba silaha wako wapi, na ni nani atakayewapokea?