Kamera Katika Uchochoro wa Kinanira

Ziwa Kivu halina mamba. Mtu wa Bujumbura, aliyekua akionywa asikaribie mdomo wa Rusizi jioni, akasimuliwa habari za Gustave, yule mamba mla watu aliyewashinda wote waliotaka kumkamata, analijua hilo bila kufundishwa. Basi anapokaa kuitazama filamu ya Petit Pays, iliyopigwa Gisenyi upande wa Rwanda, macho yake yanakwenda majini kwanza. Milima imesogea karibu mno. Ule ukuta wa buluu wa milima ya Uvira haupo. Hata joto si lenyewe: Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi, na jasho la shati ni kitu kigumu kuigiza. Hapo mjadala unaanza, na ukianza hapa Kinanira, mtaa wetu wa Bujumbura, hauishi upesi, kwa sababu kisa chenyewe ni cha hapa hapa.

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaondoka mwaka 1995 vita vikiwa vimepamba moto. Kwanza aliutungia mji huu wimbo, Petit Pays, kwenye albamu yake ya mwaka 2013. Mwaka 2016 akautungia riwaya ya jina lilelile, iliyopata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa na kutafsiriwa katika lugha chungu nzima. Mhusika wake, Gabriel, wenyewe wanamwita Gaby, anaishi kwenye uchochoro usio na njia ya kutokea hapa Kinanira. Wenzake ni Gino, Armand na mapacha. Makao yao makuu ni gari bovu la Combi lililotelekezwa kwenye kiwanja kitupu, na kazi yao kubwa ni kuiba maembe ya majirani na kuwauzia majirani haohao. Nje ya uchochoro kuna uchaguzi wa Juni 1993 uliompa ushindi Melchior Ndadaye, kuna kuuawa kwake tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, kisha Aprili 1994 kule Rwanda kwa wajomba wa Gaby.

Anayedhani hii ni riwaya ya utoto na maembe hajafika katikati yake. Ndani mna swali la siasa ambalo wanafalsafa wamelizungusha karne nyingi bila kulimaliza: je, mtu anaweza kukataa kuchagua upande? Gaby anataka kubaki nje ya mabishano ya Wahutu na Watutsi. Gino, rafiki yake wa damu, anamwambia kwa namna nyingi kwamba hilo haliwezekani, kwamba asiyechagua amechaguliwa tayari. Kitabu hakimpi ushindi Gaby wala Gino. Hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika. Wengine wanasema huo ni usafi wa mtoto wa nyumba yenye mpishi na dereva, mwenye pasipoti ya baba mfukoni, anayeweza kupanda ndege siku mambo yakiharibika. Wengine wanamwona Gaby kuwa ndiye mtu pekee mwenye akili timamu katika mji mzima. Na msomaji ambaye ukoo wake uliumia mwaka 1972, katika mauaji tunayoyaita Ikiza, anaifungua riwaya akitafuta kidonda chake na kupima kwa ukali ni kurasa ngapi zimekigusa. Kitabu kinachowakera watu kutoka pande tatu huenda kimesema kitu.

Sasa aje mtu akabidhiwe kitabu hicho na kuambiwa: tengeneza filamu isiyofika saa mbili. Mimi huyo namheshimu kuliko tunavyozoea kumheshimu. Tunapotoka kutazama filamu iliyotokana na riwaya, sentensi yetu ya kwanza ni ileile, kwamba kitabu kilikuwa bora, nasi hujiona wasomi kwa kuisema. Lakini mwandishi wa skripti anafanya kazi ambayo mwandishi wa riwaya hajawahi kuombwa kuifanya. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba watu walibishana usiku kucha, akaendelea na safari. Mwenzake wa filamu lazima aamue ni watu wangapi, wamevaa nini, nani ameketi karibu na mlango na taa inatoka wapi. Éric Barbier, aliyeiongoza Petit Pays, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 2017 alikuwa ameihamisha kwenye sinema La Promesse de l'aube ya Romain Gary, kitabu kingine cha mtoto, mama na historia inayowakanyaga.

Chukua sura moja tu ya Faye uone ugumu wenyewe. Usiku umeme umekatika, jambo ambalo mkazi wa Bujumbura halihitaji kuelezwa. Gaby yuko kwenye kabare, kile kibanda cha bia ambacho kwetu ni baraza, mahakama na bunge kwa pamoja. Giza ni totoro. Watu wananyonya bia na kusema mambo ya nchi: demokrasia, wakubwa, kinachokuja. Wanasema kwa sababu hawaonekani. Sauti inatoka kushoto, nyingine inaijibu kutoka kwenye kona, ya tatu inacheka, na hakuna anayejua nani ni nani wala wa kabila gani. Kwenye karatasi hilo halina gharama; mwandishi haandiki majina, basi, na msomaji anasikia taifa zima likiongea gizani. Sijui ukurasa mwingine unaosema vizuri hivyo kwamba Mrundi huwa huru kusema pale tu uso wake unapofichika.

Ihamishe kwenye filamu. Sinema ni mwanga; ukiuzima, umebaki na redio. Ukiweka mshumaa mezani, nyuso zinaonekana, na nyuso zikionekana mtazamaji wa huku ataanza kuzisoma, atazipanga katika mafungu, na fundisho lote la giza limekwisha. Mwongozaji anaweza kuacha kioo cheusi kwa dakika nzima na kubeba lawama za msambazaji. Anaweza kuonyesha ncha za sigara tu. Anaweza kubana kamera kwenye uso wa mtoto anayesikiliza, watu wazima wakabaki sauti. Au aifute sura nzima na kuipeleka maana yake mahali pengine, labda kwenye gari, labda kwenye simu ya baba. Kila njia ni msimamo wa siasa, hata kama aliyeichagua alikuwa anafikiria betri za taa. Ufundi ninaousifu umekaa hapo: kufikiri kwa vitu. Mwanafalsafa anaandika sura juu ya uhuru wa kusema. Fundi wa filamu anaulizwa mshumaa uwe mmoja au miwili.

Kuna mtihani mkubwa kuliko huo. Riwaya inaanza na baba, Michel, akijaribu kuwaeleza watoto wake tofauti ya Wahutu na Watutsi. Nchi ni moja, lugha ni moja, Mungu ni mmoja. Maswali ya watoto yanambana hadi anaishia kwenye pua. Ni kichekesho kinachouma, na baada ya hapo watoto wanatembea mjini wakichungulia pua za watu. Kwenye kitabu pua hizo hazina umbo. Ni maneno, na upuuzi wake unabaki kuwa upuuzi. Lakini filamu lazima itafute waigizaji, na anayeketi mezani na picha za waigizaji, akisema huyu anafaa kuwa mpishi na yule anafaa kuwa mama, ameshaanza kuhesabu pua. Hawezi kukwepa. Akichagua kwa desturi, ameithibitisha desturi ambayo riwaya inaicheka. Akichagua kinyume chake kwa makusudi, watazamaji wa hapa watasema hajui nchi. Sioni njia safi ya kutoka hapo. Fundi mzuri hupunguza madhara kwa kumpa kila uso kazi kubwa kuliko sura yake, na hilo Isabelle Kabano, mwigizaji wa Rwanda aliyecheza Yvonne, mama wa Gaby, analifanya kiasi kwamba huoni tena pua ya mtu. Unaona mwanamke aliyekwenda kutafuta ndugu zake na kurudi akiwa nusu.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima aliyekuwa na duka hapa kabla ya 1993, hakuridhika hata na hilo. Tulitazama filamu kwenye kompyuta ya binti wa nyumba tuliyokuwa tumealikwa, ndagala na chupa za Primus zikiwa mezani, naye alianza kulalamika kabla majina hayajaisha kupita.

"Hiyo si Bujumbura, mwanangu. Hata mbwa wanabweka Kinyarwanda."

"Mzee, kitabu ulikisoma lakini?" binti akamuuliza.

"Kitabu cha nini, na mimi nilikuwepo?"

Tulicheka, ila hoja yake si ya kutupwa. Kirundi na Kinyarwanda vinaelewana vizuri kabisa, na ndiyo maana sikio linakamata tofauti: ni kama kumsikia mtu akiimba wimbo wa nyumbani kwenu nusu ufunguo juu. Binti naye alikuwa na lake. Yeye alizaliwa mambo hayo yamekwisha, na kwake uchochoro wa Gisenyi ulitosha, kwa kuwa alichokuwa anakifuatilia ni Gaby na Gino. Baadaye waliacha kabisa habari za filamu. Walibishana kama mwaka 1993 mtu wa Kinanira aliweza kweli kukaa nyumbani akafunga lango. Mzee alisema haikuwezekana, akataja milio ya risasi kutoka Musaga. Binti akasema kwamba wapo waliofanya hivyo na leo ndio majirani wazuri. Filamu ilikuwa imefika mahali Barbier angependa ifike, ingawa hakuna aliyemtaja.

Waswahili tunao mfano wa jirani na huu. Mwaka 1999 Adam Shafi alichapisha Vuta N'kuvute, riwaya ya Unguja ya miaka ya 1950: Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, Denge, kijana aliyerudi kutoka Urusi na vitabu vya ukomunisti, Mwajuma na taarabu yake, na Inspekta Wright anayewanusa. Amil Shivji aliihamisha kwenye filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Ni riwaya iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi kwa ajili ya mitihani, kila mmoja akiwa na Denge wake kichwani, kwa hiyo malalamiko yalikuwa ya hakika. Shivji alikata bila huruma. Safari na matukio yaliyojaza nusu ya kitabu yamebanwa katika dakika zipatazo 90, na filamu haikimbilii kueleza. Inakaa kwenye rangi za ukuta, kwenye shingo ya mtu, kwenye karatasi za siri zinazopita mkono hadi mkono. Wanaotaka hotuba za Denge watazikosa. Mimi sikuzikosa. Siasa ya Shafi ilikuwa siku zote imo katika nani anaruhusiwa kukaa chumbani na nani, na hilo kamera inalijua kuliko hotuba.

Ufundi huu una dhambi zake pia, na kubwa kuliko zote ilitendwa mwaka 1954, pale Animal Farm ya George Orwell, ambayo Fortunatus Kawegere alitupa kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, ilipofanywa katuni Uingereza kwa fedha zilizotoka kichinichini kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwisho wa Orwell, ambapo nguruwe na binadamu hawatofautiki tena, ukabadilishwa: wanyama wakaja kuwapindua nguruwe. Michoro ni mizuri, kazi ya mikono ni ya kupigiwa saluti, na swali la kitabu limeuawa. Ndiyo maana kukata mhusika au kuhamisha ziwa hakunikoseshi usingizi. Nauliza kama swali limefika salama. Siku atakapopatikana mtu wa kuihamisha kwenye sinema riwaya ya Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, na Tumaini wake anayemuua kiongozi wa serikali baada ya siasa ya Ujamaa kuifikia mali yake, nitaangalia hapohapo: je, mwongozaji amemwachia mtazamaji uzito wa kuamua, au amemfanya Tumaini shujaa ili Dodoma isilale, ama mhalifu ili ilale?

Kurudi kwetu: tangu mgogoro wa 2015, vijana wa Musaga hapo jirani walipojaza barabara, kupeleka kikosi cha sinema cha Wazungu Bujumbura kusimulia 1993 lilikuwa wazo la kuwatia watu wa bima homa. Rwanda ikawa Burundi ya kuazima. Riwaya yenyewe haikukaa kimya. Imekuwa kitabu cha michoro, imekuwa tamthilia ya Kinyarwanda iitwayo Gahugu Gato iliyofika tamasha la Avignon mwaka 2025. Nimebaki nasubiri ya Kirundi, yenye Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi kikiingia na kutoka kama kinavyoingia na kutoka vinywani mwetu, na nafasi ya kazi hiyo ipo. Léonce Ngabo alitengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, kwa vifaa ambavyo leo mwanafunzi angevikataa, kisha akaanzisha tamasha la sinema la FESTICAB hapahapa mjini.

Atakayeithubutu asidhani kuja Kinanira kutamrahisishia. Kuta zimeinuka, maghorofa yameota palipokuwa na viwanja vitupu, na Combi ya 1993 itabidi aitafute kwa mafundi wa magari kwa wiki kadhaa. Atalazimika kuutengeneza Kinanira ndani ya Kinanira, kwa mbao na rangi, sawasawa na Barbier kule Gisenyi. Na jirani yangu, naapa, atasimama nyuma ya kamera akilalamika kwamba embe hizo si za msimu huo.