Mbuzi wa Handa: Kitabu cha Picha kama Mwalimu wa Nyumbani

Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Kwa muda huo nyumba ziligeuka madarasa, pamoja na nyumba za Abuku na Koboko ambako mzazi wengi hawana kitabu cha hadithi hata kimoja. Swali la kujiuliza ni hili: kama mzazi angekuwa na kitabu kimoja tu cha picha, angeweza kufundisha nini?

Katika nchi kama Marekani, wazazi wanaosomesha watoto nyumbani wana jibu tayari. Mtaala uitwao Five in a Row, wa Jane Claire Lambert, unamtaka mzazi asome kitabu kimoja cha picha kila siku kwa siku tano mfululizo, na kila siku achote humo somo tofauti: jiografia, lugha, sanaa, hesabu, sayansi. Mbinu hiyo naikubali. Kinachonitia shaka ni orodha ya vitabu. Kitabu kama The Snowy Day cha Ezra Jack Keats (1962) ni kizuri sana, lakini mtoto wa Abuku atamaliza siku zote tano akielezwa theluji ni nini.

Basi tukipime kitabu kilicho karibu nasi zaidi: Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Handa ni msichana wa Kijaluo, magharibi mwa Kenya. Anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba katika kikapu alichojitwika kichwani. Njiani wanyama wanayachukua moja baada ya jingine: tumbili, mbuni, pundamilia, tembo, twiga, swala na kasuku. Handa haoni chochote, kwa kuwa kikapu kiko juu ya kichwa chake.

Ubora wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba maneno yake hayawataji wezi hao. Maneno yanaeleza anayowaza Handa. Wizi umo katika picha tu. Kwa hiyo mtoto anajua jambo ambalo Handa mwenyewe halijui. Kwetu jambo hili lina uzito mkubwa. Mama asiyejua kusoma hawezi kufundisha kwa kitabu cha mazoezi, lakini kitabu hiki anaweza kukifunua, akauliza, "Nani amechukua nini?" na somo likaanza. Nusu ya hadithi haihitaji herufi.

Ubora wa pili unajitokeza tukikisimulia kwa Kiswahili. Tumbili ameichukua ndizi, lakini tembo amelichukua embe na twiga amelichukua nanasi. Pera, chungwa na parachichi nayo yanafuata LI-YA. Katika soko la Koboko mtoto husikia "embe yangu iko wapi?" na kila mtu anaelewa. Sidai kwamba Kiswahili cha sokoni ni kibovu; ndicho kinachotuunganisha na jirani zetu wa Kongo na Sudani Kusini. Hata hivyo, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto atakayeulizwa upatanisho wa kisarufi darasani atanufaika sana akiwa ameusikia nyumbani, ndani ya hadithi, kabla ya kukutana na neno "ngeli".

Pamoja na hayo, kitabu kina kasoro. Njia ya Handa imejaa wanyama ambao mtalii angelipa ili awaone. Mtoto wa kijijini kwetu anaweza kumaliza shule ya msingi bila kukutana na pundamilia njiani, na msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba hivyo ndivyo tunavyoishi.

Lakini hadithi haigeuzwi na twiga wala tembo. Anayeigeuza ni mbuzi. Amefungwa kamba, anaikata, anakimbia na kuupiga kumbo mti wa machenza, na kikapu kilichobaki kitupu kinajaa tena. Machenza ndiyo tunda ambalo Akeyo analipenda kuliko yote. Mbuzi aliyekata kamba haelezwi kwa mtoto yeyote wa Abuku; kila mmoja amewahi kutumwa kumfukuza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kitabu kinapoacha kuitazama Afrika kutoka dirishani na kuingia uani.

Kwa hiyo kipimo cha kitabu cha picha kwa mwalimu wa nyumbani kisiwe umaarufu wake ng'ambo. Tuulize: je, picha zinasema jambo ambalo maneno yamelinyamazia? Je, lugha yake inampa mtoto kitu cha kurudia siku tano bila kuchoka? Je, yumo mbuzi, yaani kitu kimoja ambacho mtoto anakijua kuliko mwalimu wake? Mradi wa African Storybook tayari unatoa hadithi za picha bila malipo, kwa Kiswahili na hata kwa Kilugbara, na unaruhusu yeyote aongeze yake. Sisi tunaosoma Kiswahili chuoni tuna sarufi, na maembe ya West Nile tunayajua. Kitabu cha siku tano kinachotokea Koboko kinatusubiri sisi tukiandike.