Mtumishi Ampitaye Bwana Wake kwa Akili

Msomaji kijana, liko swali moja ambalo kizazi chako hakiwezi kulikwepa: mtambo ukipata akili ipitayo akili za watu wote, je, utakuwa mtumishi wetu au bwana wetu? Wako wanaojibu kwa hofu, na wako wanaojibu kwa tamaa. Nakusihi tusiwe na haraka ya kujibu. Tuuchukue kwanza mchezo wa kuigiza uliouliza swali hili zamani, tuupime, tuusifu penye sifa na tuukosoe penye kosa.

Mchezo huo huitwa R.U.R., nao ulitungwa na Karel Čapek, mwandishi Mcheki. Ulichapishwa mwaka 1920, ukaigizwa Prague mwaka 1921. Ndimo lilimozaliwa neno roboti, ambalo leo hutamkwa na kila mtoto. Mtungaji alipewa neno hilo na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani kazi ambayo mkulima alishurutishwa kumfanyia bwana wa ardhi. Ikumbuke asili hiyo, maana nitairudia.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kisiwa fulani kuna kiwanda kinachotengeneza watumishi wenye umbo la binadamu. Domin, mkuu wa kiwanda, aahidi kwamba kwa muda wa miaka kumi vitu vitakuwa vingi hata vikose bei, na mwanadamu atapumzika na jasho. Ahadi hiyo ilikuwa tamu, lakini matunda yake yalikuwa machungu. Serikali ziliwapa roboti silaha wapigane vita vyao, na watu wakaacha kuzaa. Mwisho roboti waliasi, wakawaua watu wote isipokuwa mmoja, Alquist mjenzi. Huyo walimwacha hai kwa sababu alifanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Tazama ustadi wa jambo hilo. Mtungaji hakuhubiri sifa za kazi. Ametuonyesha mtu mmoja mwenye tofali mkononi, akatuachia tuamue. Mtazame na Busman, mtunza hesabu. Adui wakiwa wameizingira nyumba, yeye asema kwamba hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa: wanunuzi walizidi kutaka, na kiwanda kikazidi kutengeneza. Kisha atoka kwenda kuyanunua maisha yao kwa fedha, akafia kwenye ua wa umeme. Katika mhusika huyu mdogo imo hoja kubwa kuliko zote za mchezo: yamkini watu wakajichimbia shimo bila yeyote wao kukusudia, kila mmoja akifuata faida ya siku yake.

Lakini sifa isitufumbe macho. Radius, kiongozi wa waasi, asema kwamba hataki bwana. Ataka yeye awe bwana juu ya wengine. Hapo naona kosa. Huyo ni mtu aliyevikwa ngozi ya roboti, mwenye kiburi na kinyongo chetu. Hofu yenye uzito zaidi haihitaji chuki. Moto hauichukii nyumba uiteketezayo. Mtambo wenye nguvu kubwa, ukipewa lengo lililoelezwa vibaya, waweza kulitimiza barabara na kutuangamiza njiani. Tena mchezo huisha kwa roboti wawili kupendana. Mwisho huo wapendeza macho, ila swali waliacha lilipokuwa.

Kasoro hiyo yajazwa na Isaac Asimov katika hadithi yake "The Evitable Conflict", iliyotoka mwaka 1950. Humo mitambo huendesha uchumi wa dunia nzima, nayo imekatazwa kumdhuru mwanadamu. Haiasi hata kidogo, hutii. Lakini kwa kutulinda, yaanza kuamua mambo kichinichini, na wanadamu wapoteza usemi juu ya kesho yao. Mzazi ambebaye mwanawe mgongoni mpaka ukubwani hakumpiga wala hakumfunga, lakini amemnyima miguu. Basi utumishi na utawala si njia mbili zilizoachana. Utumishi uliokithiri waweza kuwa mlango wa utawala.

Hukumu yangu ni hii. Mwaka 1965 mwanahesabu I. J. Good aliandika kwamba mtambo utupitao kwa akili utatuondolea haja ya kuvumbua kitu kingine, mradi uwe mtiifu. Uzito wote umo katika neno mradi. Utii haujileti wenyewe. Lazima utafutwe kabla mtambo haujatushinda nguvu, na lazima tuulize ni utii kwa nani. Mtambo umtiio mtu mmoja waweza kuwa mjeledi kwa wengine wote.

Sasa lirudie lile neno la shokoa. Hapa Nairobi vijana wameajiriwa kusoma maandishi machafu ili mitambo ifundishwe kuyatambua. Taarifa zilizotolewa mwaka 2023 zilisema baadhi yao walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kumbe nyuma ya mtumishi asiyechoka yuko binadamu aliyechoka! Anayeuliza kama mtambo utatutawala kesho, na aulize pia nani anatawaliwa leo kwa ajili yake.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba neno hili ni la wakubwa peke yao. Siku utakapouambia mtambo ukuandikie insha yako, nawe hukuisoma wala kuielewa, hutakuwa umepata mtumishi. Utakuwa umekitoa kiti chako mwenyewe, ukasimama kando. Utumie mtambo kama Alquist alivyotumia mwiko wa kujengea, huku mkono ukiwa wako na ukuta ukiujua. Ashikaye kazi yake mkononi haondolewi upesi katika nyumba yake.