Mtoto Mbele ya Kamera

Msomaji, katika masomo yako umekwisha kufundishwa kuhukumu shairi, hadithi na mchezo wa kuigiza. Yamkini hujafundishwa kuihukumu picha ya ndugu yako mdogo, ijapokuwa picha za namna hiyo ni nyingi nyumbani kwenu kuliko vitabu vyote. Zimo katika simu ya mama, zimo katika simu ya shangazi, na baadhi yake umezipiga wewe mwenyewe, maana wakati wa matembezi ya Jumapili mkubwa wa watoto ndiye apewaye simu na kuambiwa, "Hebu mpige mtoto picha." Kazi hiyo huonekana rahisi. Mimi naona kwamba ni ngumu, na kwamba picha nyingi tuzipigazo za watoto waanzao kwenda tete ni mbaya, si kwa ubovu wa simu, bali kwa kuwa mpigaji hakumtazama mtoto.

Nilipata kuweka mbele ya wanafunzi wangu picha mbili za mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi saba. Zilipigwa Nairobi, Jumapili moja, na mtu yule yule, na wazazi wa mtoto walinipa ruhusa ya kuzionyesha. Ya kwanza ilipigwa saa sita mchana katika Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mtoto amesimama dede, amevaa suti ndogo na tai ya kipepeo, na viatu vipya vimemkaa kama vyombo vya kuazima. Nyuma yake yaonekana majumba marefu ya mji. Anaitazama kamera, na mdomo umeanza kumtetemeka. Pembeni, upande wa kushoto, umetokea mkono wa mtu mzima uliokatwa kwenye kiwiko, nao umemshika mtoto mkono.

Ya pili ilipigwa saa kumi na nusu alasiri katika bustani ya miti ya Arboretum. Koti limekwisha vuliwa, na kiatu kimoja hakipo. Mtoto amechuchumaa njiani, anamtazama jongoo. Kidole chake kimenyoshwa juu ya mgongo wa jongoo, hakijamgusa. Hatuoni uso wake wote; twaona shavu, kope, na mdomo wa chini uliosukumwa mbele kama wa fundi atiaye uzi katika tundu la sindano.

Niliuliza, "Ipi iliyo bora?" Walio wengi wakachagua ya kwanza. Sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Uso waonekana, nguo ni nadhifu, na kila mtu atajua kuwa hapa ni Nairobi. Mvulana mmoja akasema kuwa jongoo hata kijijini wapo. Ndipo msichana aliyeketi nyuma akauliza, "Mkono ule ni wa nani?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Mkono ule una historia ndefu. Ufundi wa picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, mtu aliyetaka kupigwa picha alipaswa kutulia kwa dakika kadhaa. Baadaye zikawa sekunde kadhaa, na hata hizo ni nyingi mno kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, mama aliketi na kumshika mtoto wake imara, naye mwenyewe akafunikwa shuka au pazia ili asionekane. Picha hizo zimesalia hadi leo. Mtoto ameketi juu ya kitu kama kiti, na ukikitazama vema waona kuwa kiti kile kina mabega. Mama aliondolewa katika picha, na bila yeye picha isingalipatikana. Katika picha yetu ya Uhuru Park hakuna shuka, lakini tazama: mama ni kiwiko tu. Wapo akina mama wengi katika nchi hii ambao hawamo kabisa katika picha za utoto wa watoto wao, ama kwa kuwa wao ndio waliopiga, ama kwa kuwa waliambiwa, "Sogea kidogo, mtoto aonekane."

Sasa rudi kwenye macho ya mtoto. Sisi twapiga makofi, twaita jina lake, twasema, "Angalia hapa! Cheka!" Yeye hajui picha ni nini. Anachokiona ni kwamba mtu ampendaye ameinua kitu cheusi na kuufunika uso wake nacho. Nimechunguza picha nyingi za aina hii, nami naamini kwamba macho yale si ya mtu apigwaye picha. Ni macho ya mtu atafutaye uso wa mamaye nyuma ya simu. Mdomo utetemekao ni jibu la haki kabisa.

Walakini siwezi kuidharau picha ya kwanza, wala wale waliotufundisha kuipiga. Kwa miaka mingi wapiga picha wa Nairobi walisimama katika bustani na mbele ya jumba la mikutano la Kenyatta, wakiwapanga watu kwa namna hiyo hiyo: simama wima, mikono chini, jumba nyuma. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila mbofyo ulikuwa fedha. Picha yenyewe ilikuwa na safari ya kwenda: ilitiwa katika bahasha ikapelekwa nyumbani, ili nyanya ajue kwamba mjukuu amekua, anavaa viatu, na wazazi wake hawakupotelea mjini. Kwa kazi hiyo ilifaa sana. Lawama yangu ni kwetu sisi wa leo. Simu yaweza kupiga picha 100 kabla aiskrimu ya mtoto haijayeyuka, wala hatulipi hata senti. Hata hivyo tumeishika desturi ya uhaba katikati ya wingi, tukamsimamisha mtoto kama askari mara 100.

Kuhusu mwanga nitasema machache, kwa sababu ni jambo la kujifunza kwa siku moja. Nairobi i karibu na ikweta, na saa sita mchana jua husimama juu ya utosi. Paji la uso hung'aa na macho hugeuka mashimo mawili. Tena kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukimweka mtoto mweusi mbele ya mbingu nyeupe, kamera huipunguza mbingu na kumfanya mtoto kivuli. Mpeleke chini ya mti, majani yawe nyuma yake, au ngoja hata saa kumi. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo. Usidhani kwamba ngozi yetu ndiyo yenye kosa. Tangu miaka ya 1950 maduka ya kusafisha picha yalisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali haikuja ila katika miaka ya 1990. Watoto weusi wengi wa wakati ule wamebaki katika albamu kama meno na macho tu.

Katika picha ya pili mpigaji alifanya mambo mawili: alipiga magoti, na alinyamaza. Alipopiga magoti, kamera ikawa sawa na macho ya mtoto, na jongoo akawa mkubwa kama alivyo mkubwa kwake. Aliponyamaza, mtoto akabaki na shughuli yake. Mvulana aliyesema kwamba jongoo wapo hata kijijini alisema kweli, lakini matembezi ya siku ile, kwa mwenye matembezi, yalikuwa jongoo. Majumba marefu yalikuwa matembezi ya wazazi.

Wapo wasemao kwamba picha isiyo na uso si picha ya mtu. Hao nawapeleka kwa Mmarekani mmoja, W. Eugene Smith. Alikuwa mpiga picha wa vita, na mwezi wa Mei 1945, katika kisiwa cha Okinawa, kombora lilimjeruhi uso na mkono. Alikaa muda mrefu akipasuliwa na kutibiwa, asijue kama atashika kamera tena. Mwaka 1946 alitoka na watoto wake wadogo wawili kutembea penye miti, na picha aliyoipiga aliiita Matembezi ya Kwenda Bustani ya Paradiso. Watoto wanatoka katika giza la majani na kuingia mahali penye mwanga, nao wametupa migongo. Hakuwaita wageuke. Lau angaliwaita, angalipata nyuso mbili zenye kicheko cha kuamrishwa, na ule mwendo wao ungalikatika. Mwaka 1955, Edward Steichen alipokusanya picha 503 kutoka nchi 68 kwa maonyesho yaliyofanywa New York, picha hiyo ndiyo aliyoiweka mwisho. Baadhi ya watu wameiona tamu kupita kiasi, na kwa kweli jina lake lina sukari nyingi. Lakini migongo ile miwili yaeleza baba aliyekubali kuachwa nyuma kidogo, na hilo sijaliona katika picha nyingi zenye nyuso.

Katika simu iliyotoa picha zetu mbili palikuwa na ya tatu, ambayo sikuwaonyesha wanafunzi. Mtoto ameanguka matopeni, anavuliwa nguo, analia. Ilikwisha kutumwa kwa kundi kubwa la watu siku ile ile, pamoja na jina la mahali walipokuwa, nao wakacheka. Kwa mwanga na mpango ni picha nzuri kuliko zile mbili. Hapo mhakiki hawezi kuishia kwenye mwanga na mpango. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka habari za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa namna ya kulinda haki na maslahi ya mtoto. Lakini haiyagusi mambo yaliyo ya binafsi au ya nyumbani kabisa. Basi katika familia hakimu ni yule ashikaye simu, na aghalabu huyo ni wewe. Miaka 14 ijayo mtoto huyu atakuwa na umri kama wako, naye atakaa darasani pamoja na watu waliopokea picha ile au wana wao. Jiulize kama wewe ungependa yako izunguke.

Utasema, na nyanya je? Yeye ataka uso, hataki mgongo wala jongoo. Ana haki yake, na si vigumu kumtimizia: mama aketi kivulini, mtoto akae mapajani pake, na wote wawili waonekane wazima, bila kiwiko kilichokatwa. Kisha ipelekeni dukani ikachapwe, maana simu huibiwa na huanguka majini, na nyanya wengi hupenda kitu cha kutundika ukutani. Nyuma yake andikeni kwa kalamu siku, mahali, na neno alilolitamka mtoto siku ile. Na ya jongoo ichapwe pia, itiwe katika bahasha hiyo hiyo.